Habari za Nyumbani

Kosa lilikuwa la mdomo, na mdomo wa Gahongayire ulikuwa umelelewa Karagwe. Huko Tanzania, alikokulia mtoto wa wakimbizi, salamu haiishi kwa neno moja. Mtu anaulizwa hali yake, nyumba yake, watoto wake, hata mvua ya kwao, ndipo aachwe aseme shida iliyomleta. Kwa hiyo Jumamosi ile ya mwisho wa Novemba, mwaka wa tisini na nne, alipofungua geti la bati pale Nyakabanda, mjini Kigali, na kumwona mama mwembamba amesimama na kitambaa kichwani, mikono mitupu, alifanya kama alivyofunzwa na mama yake.

"Karibu, mama, karibu! Hujambo? Habari za nyumbani? Watoto hawajambo?"

Yule mama alimtazama Gahongayire usoni, kisha akatazama nyuma yake, kwenye ukuta wa nyumba, kwenye dirisha lililozibwa kwa plastiki ya msaada, kwenye mti wa ndimu kando ya jiko. Alitazama taratibu, bila haraka yoyote.

"Nyumbani iko hapa," akasema. "Hii ndiyo nyumbani. Watoto..."

Loo! Gahongayire alitamani ardhi ipasuke immeze. Si kwamba hakujua nyumba ile ilikuwa na wenyewe. Kila aliyerudi Kigali mwaka ule akaingia nyumba yenye mlango wazi alijua, ila alijitia hamnazo. Na aibu yake ilizidi ya wengine, maana yeye alikuwa mtu wa kazi hiyo hasa. Kila Jumanne alisaidia kwenye ukumbi wa parokia, mahali ambapo wanawake walionusurika na mauaji walikuja kukaa, kusikilizwa, na kuandika yaliyowajaa kifuani. Alikuwa amefundishwa wazi kabisa: usimwulize mtu habari za watu wake, mngoje, mwache achague mwenyewe. Na sasa amemwuliza huyu habari za watoto wake, akiwa amesimama kwenye mlango wa mama huyohuyo.

"Nani huyo?" Mumewe, Arthur, alitokea akifunga vifungo vya shati. Alikuwa naye mtoto wa wakimbizi, aliyekulia Uganda, karani katika ofisi ya mkoa, mpole kwa kawaida. Alipomwona mgeni na kumwona mkewe alivyonywea, alielewa mara moja, na upole ukamtoka. "Madamu, una karatasi za nyumba?"

"Karatasi zilikuwa kwenye sanduku," alisema yule mama. Kiswahili chake kilikuwa cha Kigali, cha kuokota, alijifunza kwa mumewe aliyekuwa dereva wa malori. "Sanduku iko chini ya kitanda. Kitanda bado iko?"

Kitanda kilikuwepo. Arthur alikuwa ametoka kukilalia sasa hivi, na alama ya mto ilikuwa bado shavuni. Alikohoa.

"Mimi naitwa Béatha," mama aliendelea. "Sikuja kwa sababu ya nyumba. Nalala kule Sonatubes, na wajane wenzangu. Nataka kuchimba pale tu." Akanyoosha kidole nyuma ya jiko. "Mume wangu iko pale, na watoto watatu. Mzee Twagirayezu, huyu jirani, ameniambia. Aliona."

"Pale kuna maharage," alisema Arthur.

Katika maisha yake Arthur alisema maneno mengi ya kipumbavu, kama sisi sote, lakini hilo lilimfuata muda mrefu kuliko mengine.

"Nayaona," alisema Béatha.

"Sikatai, mama. Sikatai. Ila mambo haya yana utaratibu, lazima nifike ofisi ya komini kwanza. Njoo Jumatano."

Béatha aliitikia kwa kichwa. Gahongayire alikuwa amekimbia ndani kuleta kikombe cha maji, akarudi nacho mbio hadi maji yakamwagikia vidole, lakini mgeni alikuwa ameshageuka. Gahongayire alibaki pale getini na kikombe chake, na jirani wa upande wa pili akimtazama.

*

Mchana ule kulikuwa na ugali, na mboga ilikuwa majani ya maharage, umushogoro, yaliyochumwa asubuhi nyuma ya jiko. Binti yao Phiona alikuwa ameshakaa na sahani yake. Gahongayire alifunua sufuria, mvuke ukampiga usoni, akafunika tena.

"Mama, nina njaa."

"Utakula ugali na chumvi leo."

"Kwani mboga imefanyaje?"

"Phiona, nimesema!"

Mtoto akalia. Gahongayire alibeba sufuria ya moto kwa pindo la kitenge akaenda nayo hadi jalalani, akamwaga yote, akasugua sufuria kwa majivu mpaka vidole vikamchubuka. Arthur alimfuata nje.

"Umeanza wazimu sasa. Tunajua nini sisi? Mzee Twagirayezu yule macho yenyewe hayaoni vizuri."

"Baba Phiona, usinifanye mjinga. Kiatu ulikiona."

Kiatu walikiona wote wawili. Septemba, walipolima pale kwa mara ya kwanza, jembe la Gahongayire lilitoa kiatu cha plastiki cha mtoto, pamoja na kipande cha nguo. Arthur alisema ni takataka, kila ua la Kigali lina takataka. Naye Gahongayire, aliyekuwa na hamu ya bustani yake mwenyewe kwa mara ya kwanza maishani, aliitikia kwamba ndiyo, ni takataka. Akarudishia udongo, akapanda. Maharage yakaota vizuri ajabu, akawaonyesha hata wageni.

"Sikiliza," Arthur alisema kwa sauti ya chini. "Wakichimba, watu watajaa hapa. Komini itakuja, nyumba itaandikwa, na mtu mwenye kaburi uani ndiye mwenye kiwanja. Sisi tutakwenda wapi? Mimi nimezaliwa kambini. Baba yangu amefia kambini. Hata siku moja sijalala kwenye nyumba isiyo ya huruma za watu. Unataka Phiona naye?"

"Na hii unayolala ni ya huruma ya nani?"

Arthur alirudi ndani, akawasha redio, akaiongeza sauti.

*

Ukumbi wa parokia ulikuwa na mabenchi tu, lakini Dada Winifred aliyapanga kila Jumanne kwa namna yake. Hakuna benchi lililoupa mlango mgongo. Mlango wenyewe ulibaki wazi, hata mvua ikinyesha, ili anayetaka kutoka atoke bila kuomba ruhusa. Winifred alikuwa muuguzi aliyekulia Kampala, mnene, mwenye sauti ya chini, na alikuwa hamshiki mtu bega bila kumwuliza kwanza. Kila mmoja alipewa karatasi na penseli. Aliyejua kuandika aliandika, asiyejua alichora au alimnong'oneza msaidizi. Kusoma mbele ya wenzako ilikuwa hiari yako.

Wasaidizi nao waliandika. Hiyo ilikuwa sheria ya Winifred. Gahongayire alisifiwa sana kwa uandishi wake. Kila wiki alisoma kwa sauti kuhusu huruma aliyokuwa nayo kwa akina mama, na wengine walifuta machozi. Jumanne ile hakusoma. Aliandika mfululizo, akajaza karatasi pande zote mbili, na wanawake walipokwisha kutawanyika alimfuata Winifred kwenye meza.

"Dada, soma hii. Nataka kumpelekea mtu."

Winifred alisoma yote. Alirudia sehemu fulani. Kisha akaivua miwani.

"Umelia sana humu."

"Ndiyo, dada."

"Umeandika hulali. Umeandika huwezi kula. Unaomba msamaha hapa juu, unaomba tena hapa, na huku chini unamwomba asikuchukie. Ila, mama, umekosa nini? Mbona hujamwambia?"

Gahongayire aliinamisha kichwa. Ni kweli, kiatu hakikuwemo.

"Ukimpelekea hii," Winifred aliendelea, "atalazimika kukubembeleza wewe. Atakwambia usilie, mama Phiona, si neno. Amepoteza watu wake, na sasa umpe na kazi ya kukufuta machozi? Hapana. Huyo amechoka."

"Basi ninyamaze?"

"Sijasema unyamaze. Kuna kitu unakijua wewe na yeye hakijui. Andika hicho. Kilichobaki kifute."

"Kikibaki hicho peke yake, nitaonekana mtu mbaya."

"Inawezekana," alisema Winifred, akamsogezea penseli.

Alikaa pale ukumbini peke yake, akifuta. Alifuta machozi yake, akafuta usingizi aliokosa. Neno msamaha lilimwia gumu kulifuta kuliko yote, maana ndilo alilokuwa akiliegemea, akajikaza akalifuta nalo. Yaliyobaki aliyanakili kwenye karatasi safi, na hayakufika nusu ya ukurasa. Aliyasoma akaona aibu ambayo hakuwahi kuiona hata siku moja, hata alipokuwa mtoto akiitwa mkimbizi darasani. Ile ya utotoni alivikwa na watu. Hii aliijua kuwa yake.

*

Jumatano asubuhi Arthur alimpeleka Phiona shule. Kabla ya kutoka alipitisha mnyororo kwenye geti na kubana kufuli.

"Akija, mwambie sipo na ufunguo nimeondoka nao."

"Komini ulifika?"

"Nitafika."

"Arthur, unanifungia kama mbuzi?"

Hakumtazama. Alitia ufunguo mfukoni, akaenda zake na mtoto mkononi.

Béatha alifika jua likiwa limeshapanda. Safari hii alikuwa amevaa kitenge kizuri, amekipiga pasi, na Gahongayire alipokiona kwenye upenyo wa geti roho ilimuuma, kwa sababu mama wa watu alikuwa amevaa kwenda kuwaona wanawe.

"Mama, nimefungiwa," alisema. Alitaka kusema kwa sauti ya kawaida ikatoka nyembamba. "Ufunguo ameondoka nao mume wangu."

Béatha alitazama mnyororo, akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa alichokitegemea.

"Nitarudi," alisema.

"Ngoja, mama. Tafadhali. Nina kitu nimekiandika. Ukitaka nitakusomea. Usipotaka sitasoma."

Béatha alisimama. Njiani watu walikuwa wakipita, na fundi seremala wa ng'ambo alikuwa ameacha kupiga randa, anatega sikio. Gahongayire alijua kwamba akisoma, mtaa mzima utajua kabla ya adhuhuri.

"Soma," alisema Béatha.

Gahongayire alikunjua karatasi. Alisoma:

"Tuliingia nyumba hii mwezi wa Agosti. Mlango ulikuwa wazi. Septemba nililima nyuma ya jiko. Udongo ulikuwa laini, nikafurahi. Karibu na mti wa ndimu jembe lilitoa kiatu cha mtoto na kipande cha nguo. Mume wangu alisema ni takataka. Mimi nilijua si takataka. Nilirudishia udongo nikapanda maharage juu yake, kwa sababu nilitaka bustani. Tumekula majani yake, mimi na mume wangu na mtoto wetu. Kiatu sikukitupa. Nimekichomeka chini ya bati la jiko."

Ilikuwa imekwisha. Hakukuwa na sentensi nyingine ya kujifichia. Gahongayire alingoja tusi, na kwa kweli angelipokea kwa mikono miwili. Fundi seremala alikuwa ameduwaa na randa yake.

"Kiatu iko namna gani?" Béatha aliuliza.

"Cha buluu. Kamba ilikatika, ikashonwa kwa uzi mweusi."

"Leta."

Alikwenda, akapanda juu ya kinu kilichogeuzwa, akakitoa chini ya bati. Alikipitisha kwenye upenyo wa geti. Vidole vya Béatha vikagusana na vyake, vikakichukua. Béatha alikigeuza, akapitisha kidole gumba juu ya ule uzi mweusi, mshono kwa mshono, kisha akakifuta vumbi kwa kitenge chake kilichopigwa pasi.

"Huu uzi nilishona mimi," alisema. Halafu akasema, "Fungua."

"Mama, nimekwambia ufunguo..."

"Jembe unalo?"

Gahongayire alikuwa nalo. Alilichukua palepale ukutani, akapiga moyo konde, akalipiga kufuli kwa mgongo wa jembe. Kwa pigo la kwanza jembe lilimrukia, nusura limvunje kidole cha mguu. Alipiga tena na tena, akihema, kilemba kimedondoka, watu wamejaa njiani wanatazama mke wa karani anavunja geti lake mwenyewe. Kufuli likaachia.

"Karibu," alisema, kisha akajing'ata ulimi, kwa sababu nani anamkaribisha nani?

Walizunguka jiko. Maharage yalikuwa yametoa maua meupe, baadhi yameanza kufunga.

"Unataka ning'oe mimi au ung'oe wewe?" Gahongayire aliuliza. "Ukitaka niondoke, nitaondoka."

"Nitang'oa mimi. Wewe usiondoke."

Béatha alifunga kitenge vizuri, akainama, akaanza kung'oa. Alipanga miche kando, mizizi upande mmoja, kama mtu anayevuna. Mzee Twagirayezu aliingia na koleo, hakusalimu mtu, machozi yakimtoka kwenye macho yake mabovu. Alikuwa amekaa na siri ile tangu Aprili, na tangu Agosti alikuwa akijibu salamu za Gahongayire juu ya ua bila kusema lolote. "Niliwaogopa," alimwambia sasa. "Nyinyi ni watu wa serikali." Naye Gahongayire akaona hata hilo lilikuwa lake la kulibeba.

Arthur alirudi adhuhuri. Alikuta geti wazi, kufuli chini, na watu wamejaa uani. Nyuma ya jiko alimwona mkewe ndani ya shimo, udongo umemfika magotini, akichimba kwa mikono kwa sababu jembe halikufaa tena. Mtu mmoja alisema, "Bwana mkubwa amefika," na wengine wakampisha njia, na heshima ile ilimchoma kuliko matusi. Alisimama na mkoba wake wa ofisi kifuani. Kila mtu alingoja atasema nini.

Aliingia ndani. Alipotoka alikuwa amebeba shuka jeupe, jipya, walilokuwa wamelitunza kwa ajili ya wageni. Alilitandika chini kando ya shimo, akalinyoosha pembe zote kwa uangalifu mwingi, na alipomaliza hakuweza kumwangalia Béatha. Akavua viatu, akashuka shimoni karibu na mkewe.

*

Ijumaa waliwazika kwenye makaburi ya parokia. Alasiri ile watu walirudi Nyakabanda kukaa msibani, maana msiba hukaliwa nyumbani kwa mfiwa. Wanaume waliwasha moto uani, majirani wakaleta mabenchi na mtama wa uji. Wajane wa Sonatubes walikuja wote. Béatha alikaa kwenye ngazi ya mlango wa jiko, kile kiatu mapajani.

Arthur alikwenda akachuchumaa mbele yake.

"Mama, tutahama. Nipe mwezi huu nitafute mahali."

"Sijasema muhame," alijibu Béatha. "Hata sijui kama nitaweza kulala humu. Nitakuambia. Kitanda yangu tu, usiuze."

"Siuzi, mama. Haki ya Mungu siuzi." Akaondoka pale uso umemshuka, akaenda kuongeza kuni.

Gahongayire alipita na sinia ya bakuli za uji. Tangu Jumatano alikuwa akimhudumia Béatha kwa kumpitia pembeni, bila neno, akiogopa mdomo wake mwenyewe. Kila mtu pale alimwogopa Béatha. Walimwambia pole, wakainama, wakapita. Naye aliweka bakuli kwenye ngazi, akageuka.

"Mama Phiona."

"Abee."

"Ile siku getini uliniuliza kitu."

Gahongayire aligeuka tena. "Mama, nisamehe. Ulikuwa mdomo tu, mazoea ya kwetu, sikuwa..."

"Tangu Aprili hakuna mtu ameniuliza. Wananiangalia, wanakwepa. Wananiuliza nilijificha wapi, nani aliua. Watoto wangu hakuna anayewauliza." Béatha alinyoosha kitambaa kichwani. "Niulize tena."

Gahongayire alisimama na sinia yake. Angependa kuwa mahali pengine popote duniani. Lakini alikuwa ameombwa, na aliyemwomba alikuwa mwenye nyumba.

"Habari..." Sauti ilikatika, akaanza upya. "Habari za nyumbani, mama? Watoto hawajambo?"

Béatha alikichukua kile kiatu mapajani.

"Wa kwanza ni Shema," alisema. "Huyo hapendi kuoga. Ukichukua ndoo anakimbia uwanja yote, mpaka baba yake amkamate pale kwenye ndimu." Na akacheka, kicheko kifupi kilichomshtua mwenyewe, hata akajiziba mdomo kwa ule mkono wenye kiatu.

"Na anayemfuata?" Gahongayire aliuliza.

Béatha alisogea kwenye ngazi, akapisha nafasi, akaipiga kwa kiganja.

"Kaa kwanza," alisema. "Huyo habari zake ni ndefu."